JELA ZIMEJAA AKINA NANI?

(Hotuba ya mjumbe wa elimu ya wafanyakazi katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa katika zamu ya usiku wasiweze kufika.)



Nilipokuwa naingia hapa mlangoni ndugu mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mzee, ati leo utatuhubiria habari za jela? Sisi tumekuja kusikia habari za mshahara." Nilimwambia akae asikilize, na kama akiona habari hizi hazina mshahara ndani yake, mwisho wa mkutano anione nimlipie nauli ya kurudi kwake. Ameketi pale nyuma. Namwona anacheka.

Nitaanza na habari ya mtu mmoja, mwanachama wa chama hiki. Jina lake silitaji wala jina la kampuni, ingawa yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusema yaliyompata. Alikuwa mwendesha mashine, miaka 9 katika kazi, hana hata barua moja ya onyo. Jumamosi moja alirudi nyumbani kutoka zamu akakuta mlango wake umetiwa kufuli na mwenye nyumba kwa ajili ya kodi ya mwezi mmoja. Watoto walikuwa nje, wamekalia ndoo. Akachukua nyundo akavunja kufuli, na pamoja na kufuli akavunja na mlango. Mwenye nyumba akaita polisi. Jumatatu akapelekwa kortini kwa shtaka la kuharibu mali, akakana, na hakimu akamwekea dhamana: mdhamini mmoja wa shilingi 50,000, au pesa taslimu shilingi 30,000. Mke wake alizunguka kwa ndugu na majirani, zikapatikana shilingi 11,000. Basi akapandishwa lori akapelekwa rumande.

Alikaa huko wiki 6. Kesi ikatajwa mara ya kwanza, ikatajwa mara ya pili, na mara ya tatu mwenye nyumba hakuonekana, wala shahidi hakuonekana, na kesi ikaondolewa. Alitoka akiwa mtu huru ambaye hakuna korti iliyosema ana hatia. Lakini barua ya kufukuzwa kazi ilikuwa imefika nyumbani kwake siku ya 16.

Sasa ndugu zangu, yafaa tujue tajiri alipata wapi nguvu ya kuandika barua ile, maana wengi wetu hatujui. Iko katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44. Hapo yameorodheshwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya mfanyakazi aachishwe kazi papo hapo, bila notisi. Mengine mnayajua: kuja kazini mlevi, kukataa amri ya halali, kumwibia tajiri. Lakini katika orodha hiyo hiyo kuna mtu aliyekamatwa kwa kosa linaloweza kuleta kifungo na ambaye katika muda wa siku 14 hakutolewa kwa dhamana wala kuachiliwa kwa njia nyingine ya halali. Sikilizeni vizuri. Sheria haisemi mtu aliyeonekana ana hatia. Inasema mtu aliyekamatwa asiweze kutoka. Ni kusema watu 2 wanaweza kukamatwa siku moja kwa kosa moja, mwenye pesa akalala kwake na Jumanne akawa kazini, na asiye na pesa akahesabu siku 14 na kazi ikaenda.

Kuna kifungu kingine, cha 41, na hiki mkikariri kama mnavyokariri nambari zenu za kazi. Kinasema kwamba hata tajiri akiwa na sababu ya kumfukuza mtu papo hapo, ni lazima kwanza amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama, wakati wa kusikilizwa. Mtu wetu hakusikilizwa na yeyote. Angesikilizwaje naye yuko nyuma ya ukuta? Hapo palikuwa na nafasi ya chama kusimama. Chama hakikusimama.

Na sasa nitasema jambo ambalo si rahisi kulisema. Mke wake alinipigia simu siku ya 3. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa tawi wakati ule. Tulikuwa katikati ya mazungumzo ya mkataba, nilikuwa na karatasi mezani mpaka hapa, na nilimwambia yule mama kwamba mambo ya polisi si mambo ya chama, atafute wakili. Wakili kwa shilingi 11,000! Siku ile katika ukumbi huu huu kulikuwa na watu zaidi ya 100, na kama kila mmoja angetoa shilingi 200 mtu yule angelala nyumbani kwake. Sikuuliza. Niliandika jina lake katika kijitabu changu, nikakitia mfukoni. Kwa hiyo mkiniona nimesimama hapa msidhani nimesimama kama mtu aliyetenda vyema.

Tangu hapo nilianza kwenda kule. Kwanza kumwona yeye, halafu hata alipotoka niliendelea kwenda, maana niliwaona wengine. Gereza silitaji, kwa kuwa niliyoyaona pale mtayaona katika mengi. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu wachache kimewekwa watu mara mbili au tatu. Usiku wanalala kwa ubavu, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na mmoja akichoka ubavu mstari mzima hugeuka pamoja. Ndoo iko pembeni, na anayelala karibu na ndoo ni mgeni, mpaka aje mgeni mwingine. Ngozi inawasha, kifua kinakohoa, na mwenye kifua kikuu hakohoi peke yake. Mwanachama wetu aliingia pale na ngozi safi akatoka na upele uliowaambukiza watoto wake wote 3.

Tuangalie hesabu. Kwenye mwaka 2016 hivi, magereza ya Kenya yalikuwa na watu zaidi ya 50,000, na nafasi zilizojengwa zilikuwa za watu kama 27,000. Na katika kila watu 10 waliokuwamo, 4 au zaidi walikuwa rumande, yaani hawajahukumiwa. Hao ndio wanaolala kwa ubavu. Mtu akisikia jela imejaa hudhani imejaa wauaji na wanyang'anyi. Wako, na wengine wamekaa muda mrefu sana, kwa kuwa hukumu ya kifo iko katika sheria lakini hapa kwetu mtu hajanyongwa tangu mwaka 1987. Ndiyo maana mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu watu zaidi ya 4,000 wakawa wafungwa wa maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Lakini wanaoingia na kutoka kila siku, wanaojaza lori asubuhi, si hao. Ni mchuuzi aliyekutwa na mitumba bila leseni, ni mama aliyekutwa na chang'aa, ni kijana aliyekutwa usiku njiani asiweze kueleza anakokwenda, ni watu waliopigana baa, ni mtu aliyevunja mlango wake mwenyewe.

Na kuna wale wa faini. Hakimu husema, faini shilingi kadhaa au kifungo cha muda kadhaa, na mwenye pesa hulipa akaenda zake. Kanuni ya Adhabu imeweka ngazi zake: faini iliyozidi shilingi 2,500 lakini haizidi 15,000, ukishindwa kuilipa, inaweza kugeuka kifungo cha hadi miezi 3. Miezi 3 kwa shilingi 15,000! Wapo hapa ndani wanaopata mshahara huo kwa mwezi mmoja. Na serikali humlisha mtu huyo, humlinda, humpa blanketi na askari, kwa muda wote huo, kwa ajili ya pesa ambazo angeweza kuzilipa kidogo kidogo akiwa kazini. Mimi si mtu wa hesabu, lakini hesabu hii hata mwanangu wa darasa la tano anaiona kwamba haitoki sawa.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona, wakubwa waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, maana ugonjwa ungeingia katika vyumba vile ungepita kama moto katika nyasi kavu. Mahakama zikapitia faili upesi upesi na maelfu ya watu wa makosa madogo wakaachiliwa. Nchi haikuanguka. Tangu wakati ule nimekuwa nikijiuliza: ikiwa watu hao waliweza kuachiliwa kwa majuma machache pasipo hatari, walikuwa wakingojea nini mle ndani?

Ndugu zangu, sisi wenye chama tusijifanye wageni wa malango haya. Vijana hawajui, kwa hiyo nitawaambia. Wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande shingoni, na mtu aliyeacha kazi kabla ya kuandikiwa ruhusa alikuwa si mtu aliyeacha kazi tu, alikuwa mhalifu, wa kutafutwa na polisi na kufungwa. Kukosa kodi, jela. Kukosa kipande, jela. Jela zikajaa hata mwaka 1925 serikali ikatunga sheria ya kuweka kambi za vizuizi, ili watu wa makosa madogo wasichanganywe na wezi waliobobea. Fikra haikuwa mbaya. Lakini waliacha zile sheria zilizokuwa zikileta watu, basi kambi nazo zikajaa. Mombasa watu walifungwa katika Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno, na haikuacha kuwa jela mpaka mwaka 1958.

Na viongozi wetu wenyewe je? Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi wa Mombasa, alikamatwa mwaka 1947 akapelekwa Kabarnet akakaa miaka kama 10. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 asitoke mpaka Oktoba 1961. Halafu ikaja Hali ya Hatari, na pale Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliozuiliwa walipigwa wakafa kwa sababu walikataa kufanya kazi, na kwanza serikali ikasema ati maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Kukataa kufanya kazi! Hilo ni neno letu sisi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba jela si jambo la chama cha wafanyakazi.

Sasa najua mnayofikiri baadhi yenu, kwa kuwa nami nimeyafikiri. Mnasema, mzee amekuwa laini, anataka wezi wabembelezwe. Sivyo. Mwaka juzi dada yangu alivunjiwa duka akachukuliwa cherehani 2 na vitambaa vya wateja, na mimi nilitaka mtu yule apatikane afungwe, na nisingelia kama angefungwa sana. Yuko mtu ambaye lazima aondolewe kati ya watu. Mwenye kumpiga mke wake mpaka amvunje, mwenye kuwaharibu watoto, mwenye bunduki: hawa sina la kuwatetea. Aliyeumizwa naye ana haki ya kuona kwamba nchi imelitia maanani jambo lake, na mtu anayezungumza habari za kuwarekebisha wafungwa bila kuwataja walioumizwa amesema nusu.

Lakini tuulize adhabu yenyewe ni nini. Mwaka 1955 mataifa yalikutana Geneva yakaandika kanuni za kuwatendea wafungwa, na mwaka 2015 zikaandikwa upya, zikapewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyejua jela kwa miaka 27. Kanuni hizo zinasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba kumwondolea mtu uhuru wake ndiyo adhabu yenyewe, na gereza lisimwongezee mateso juu ya hayo. Na kwamba maana ya kumfunga ni kuwalinda watu wengine, jambo ambalo haliwezekani kama mtu akitoka atarudia yale yale. Hakimu alisema miaka 2. Hakusema miaka 2 na upele. Hakusema miaka 2 na kifua kikuu, wala miaka 2 ya kufundishwa wizi mkubwa na mwizi mkubwa aliyelala kichwa chake miguuni pako.

Na hapa ndipo kujaa kunapoharibu kila kitu. Magereza yetu yana karakana, tena nzuri. Nambari za magari yote mnayoyaona barabarani zimetengenezwa na wafungwa Kamiti. Viti vya ofisi, meza, sare, wao. Wapo wanaofanya mitihani ya ufundi ya serikali mle ndani, useremala, ushonaji, uashi, daraja la tatu hadi la kwanza. Wapo wanaofanya mitihani ya shule. Wapo Kamiti waliosomea sheria ya chuo kikuu cha London kwa njia ya masomo ya mbali, na sasa wanawaandikia wenzao rufani. Mwaka 2003 Moody Awori alipoishika wizara iliyohusika na magereza, kabla hajawa Makamu wa Rais, alifungua milango watu waone, magodoro yakaingia, televisheni zikaingia, na watu wengi wakamcheka kwamba amefanya jela hoteli. Mimi nilicheka pia. Siku hizi sicheki.

Lakini karakana ina meza chache na watu mamia. Mfundishaji ni mmoja. Mwenye kifungo cha miezi 3 hawezi kujifunza ufundi wowote katika miezi 3, ila atachukua nafasi ya kulala ya yule ambaye angeweza. Mtu wa rumande hafundishwi kabisa, kwa kuwa hajahukumiwa na hapaswi kulazimishwa kazi. Anakaa tu, mwezi kwa mwezi, pengine mwaka kwa mwaka, akitazama ukuta. Askari ni wachache, na mchana wao umekwenda katika kuhesabu watu, kuwapanga foleni ya chakula, kuwapeleka kortini na kuwarudisha. Mkubwa mmoja wa gereza aliniambia, "Mimi nilisomea kurekebisha watu, lakini kazi yangu ni kuhesabu vichwa." Hakusema kwa kujisifu.

Nilivyotaja askari jela, niwaombe msiwasahau. Hawa ni wafanyakazi kama ninyi, na msongamano unawabana wao pia. Aprili 1908, samahani, 2008, waligoma nchi nzima kwa ajili ya posho na nyumba; wengine walikuwa wakikaa familia mbili katika chumba kimoja, pazia katikati. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, hiyo inayotulinda sisi, inasema waziwazi kwamba haiwahusu wao. Hawana chama. Mtu anayelala nyuma ya pazia na watoto wake, asiye na wa kumsemea, asubuhi unampa watu waliokata tamaa awarekebishe.

Nirudi kwenye mshahara, maana nina nauli ya kuokoa. Liko jambo ambalo chama lazima kiliseme kwa uangalifu. Mfungwa anayefanya kazi karakanani hupata kitu, lakini kwa miaka mingi kitu hicho kimehesabiwa kwa senti, si kwa shilingi. Mapatano ya 29 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1930, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 1964, yanakataza kazi ya kulazimishwa, lakini yanaruhusu kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na korti, ila iwe chini ya serikali, wala asikodishwe kwa mtu binafsi au kampuni. Maseremala wengine husema, kiti cha jela kinaua kiti changu, karakana zifungwe. Mimi sikubaliani nao. Ukifunga karakana utaacha watu bila kazi ya mikono na utawapokea mtaani bila kazi ya mikono. Tudai mfungwa alipwe kiasi cha maana, sehemu itumwe kwa watoto wake, sehemu kwa aliyemkosea, sehemu iwekwe mpaka atoke. Hapo kiti chake kitauzwa kwa bei ya kiti, na fundi wa nje hatapunjwa.

Naye akitoka je? Anatoka na cheti cha ufundi mkono mmoja, na mkono mwingine tajiri anataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Cheti cha pili kinakifuta cha kwanza. Lakini tusiwalaumu matajiri peke yao. Katika kiwanda kimoja cha wanachama wetu aliandikwa seremala mzuri, na mnyapara aliridhika naye. Baada ya mwezi ikajulikana alijifunza ufundi ule jela. Waliokwenda ofisini kusema hawawezi kuacha vyombo vyao karibu naye hawakuwa wakubwa. Walikuwa watu wetu, wenye kadi za chama hiki. Akaondoka mwenyewe kabla hajaambiwa. Sijui yuko wapi leo, na kila nikisikia mtu ameibiwa vyombo huwa najiuliza kama tumemfundisha sisi.

Basi tufanye nini? Kuna njia za sheria tayari ambazo hatuzitumii kwa kutozijua. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kupelekwa kortini katika saa 24, au siku ya korti inayofuata, na haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri, ila kama kuna sababu nzito ya kumnyima. Kifungu hicho hicho kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Tena dhamana ikiwa nzito kupita kiasi, inaweza kuombwa ipunguzwe. Lakini ni lazima mtu asimame aombe, na mtu aliyelala kituo cha polisi siku 2 hana ulimi. Kadhalika iko Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Kwa sheria hiyo, mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3 anaweza kupewa kazi ya umma badala yake, kupanda miti, kufagia zahanati, kujenga choo cha shule, huku akilala kwake. Hakimu hutegemea ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo huuliza: mtu huyu anajulikana na nani? Ana kazi? Ana makao? Nani anaweza kumjibu vizuri kuliko mwakilishi wa kiwanda chake?

Ninaleta mambo haya mbele ya tawi, na kamati imekubali yajadiliwe. La kwanza, na ndilo nililo nalo moyoni, ni kwamba mwanachama yeyote akikamatwa, mtu wake wa nyumbani apige simu ya tawi, na siku ya korti awepo mtu wetu mmoja kortini, asubuhi, amevaa vizuri, na barua ya chama inayosema huyu ni mfanyakazi wa mahali fulani kwa miaka kadhaa. Nambari itabandikwa ubaoni. Hilo halina gharama ila nauli. Pili, tuwe na mfuko wa dhamana. Si zawadi, pesa ya dhamana hurudi kesi ikiisha kama mtu amehudhuria, na ikirudi inamngoja mwingine. Hautakuwa wa kila kosa, na wapo watakaosema vipi kuhusu mtu wa kosa baya. Hilo kamati italiamua kila mara, na haitapendwa, najua. Tatu, kamati ya mazungumzo ipeleke kwa matajiri sharti jipya katika mkataba: mfanyakazi aliyeko rumande ahesabiwe yuko katika likizo bila malipo, kwa siku 90, mpaka korti iseme. Sheria inampa tajiri nafasi ya kufukuza baada ya siku 14, haimlazimishi kufukuza. Kilichoachwa wazi na sheria kinaweza kufungwa na mkataba.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika ukumbi huu hakuna mtu asiyeweza kukosa kodi mwezi mmoja, na hakuna mlango usio na kufuli.

Mtauliza yule mwendesha mashine yuko wapi. Anabeba mizigo sokoni kwa malipo ya siku. Tulikwenda naye kwa tajiri baada ya yeye kutoka, mimi na Katibu wa sasa, tukasema kifungu cha 41 kilivunjwa, na faili imo mikononi mwa wakili wa chama. Siwezi kusema zaidi. Yeye mwenyewe yupo hapa leo. Hataki kusimama, na nimemwahidi sitamwonyesha kwa kidole. Lakini ndiye aliyeniambia hivi: katika chumba chake cha rumande alihesabu watu 60 na zaidi, na 7 kati yao walikuwa na kadi za vyama vya wafanyakazi, za vyama mbalimbali, ndani ya mifuko iliyowekwa pale ofisi ya kupokelea. Wote 7 walikuwa wakingoja dhamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametembelewa na chama chake.

Orodha ya watakaokwenda kuzuru rumande Jumapili ijayo iko kwa karani wa tawi, pale mezani. Tunahitaji watu 6. Njooni na vitambulisho, na msije na simu, kwa kuwa zitabaki mlangoni. Sabuni na karatasi ya chooni zinaruhusiwa, chakula kilichopikwa hapana. Bwana Mwenyekiti, nimemaliza; kama kuna maswali nitayajibu, na yule ndugu wa nyuma aniambie kama anataka nauli yake.